Mtu akisema ameitwa na Mungu kuongoza, wazee wa kanisa wampime vipi?

Mzee wa Walukuba

Nawasalimu nyote kutoka Jinja, Uganda. Mimi ni mmoja wa wazee wa kanisa dogo la mtaa wa Walukuba. Tunaabudu kwa Kiswahili kwa sababu waumini wetu ni wafanyakazi wa viwandani na wavuvi waliotoka kila upande, Wasamia, Waacholi, Walugbara, Wagisu na ndugu zetu wa kutoka Kongo, na Kiswahili ndiyo lugha isiyomwacha mtu nje. Mchungaji wetu amezeeka, miguu imemsumbua kwa muda mrefu, na ameliomba baraza la wazee limtafutie mrithi.

Katika mkesha uliopita, kijana mmoja anayeongoza sifa, mwenye sauti nzuri na bidii ambayo hakuna anayeikana, alichukua kipaza sauti kabla ya maombi ya kufunga. Alitangaza kwamba Bwana amemwonyesha katika ndoto akikabidhiwa fimbo ya mchungaji, kwamba kabla ya mwaka kwisha yeye ndiye atakayesimama madhabahuni, na kwamba atakayemzuia atakuwa anapigana na Mungu mwenyewe. Akamaliza kwa kusoma Zaburi ya 105, "Msiwaguse masihi wangu." Vijana walishangilia, wazee wakainamisha vichwa, na tangu siku hiyo baraza halijapata usingizi.

Baadhi yetu wanasema anayeudai uongozi amekwisha kuonyesha kwamba yeye hafai. Wengine wanawajibu kwa 1 Timotheo 3:1, kwamba mtu akitaka kazi ya askofu atamani kazi njema, na wanaongeza onyo la Mtume Paulo: "Msimzimishe Roho." Naomba mnisaidie. Je, unyenyekevu unamtaka aliyeitwa anyamaze hadi aombwe, au kunyamaza huko ni kumkimbia Mungu kama alivyokimbia Yona? Na sisi wazee, ambao hatukuiona ndoto ya mtu, tunao uwezo gani wa kuipima?

Katekista, Masaka

Mzee wangu, uliyoyataja yanatugusa hata sisi wa madhehebu mengine. Nianze na lile neno la 1 Wathesalonike 5, kwa sababu ndugu zako wamelisoma nusu. Mtume anasema tusimzimishe Roho wala tusitweze unabii, na papo hapo, kabla hata hajavuta pumzi, anaamuru, "Jaribuni mambo yote; lishikeni lililo jema." Kwa hiyo kumpima kijana wenu ni kulitii neno lile lile wanalolitumia kumtetea.

Kwetu Wakatoliki, mtu anaweza kuisikia sauti ya Mungu akiwa peke yake shambani, lakini hawezi kujipa upadri. Kabla ya daraja takatifu, jina lake linatangazwa parokiani ili yeyote anayejua kizuizi aseme, na siku yenyewe askofu anauliza mbele ya watu wote kama anajulikana kuwa anastahili. Nimewahi kusimama mlangoni baada ya tangazo kama hilo nikamsikia bibi mmoja akimweleza paroko kwamba yule shemasi, kila alipokuja likizo, alikuwa akimpalilia mama yake maharage tangu alfajiri, na kwamba hakuwahi kumsikia akimkaripia mtu anayeomba maji. Bibi yule hajui Kilatini, lakini ushahidi wake uliingia katika uamuzi wa Kanisa, na naamini ulikuwa na uzito kuliko vyeti.

Hapa Masaka tuna historia ya jambo hili. Mapadri wa kwanza wazalendo wa Uganda, Victor Mukasa Womeraka na Bazilio Lumu, walipadrishwa Villa Maria mwaka 1913, baada ya malezi ya miaka mingi ambayo wenzao wengi walioanza nayo hawakuyamaliza. Halafu yuko Joseph Kiwanuka. Alisoma sheria za Kanisa huko Roma hadi udaktari, jambo lililokuwa geni kabisa kwa Mwafrika wa wakati ule, kisha akaenda Algeria kuanza unovisi, yaani malezi ya wanaoingia utawa, katika shirika la Wamisionari wa Afrika, akiamrishwa kama mwanagenzi yeyote. Mwaka 1939 Papa Pius wa 12 alimweka wakfu kuwa askofu, Mwafrika mweusi wa kwanza wa nyakati hizi kupewa daraja hilo katika Kanisa Katoliki. Mtu aliyekubali kuanza chini baada ya kufika juu alikuwa amejifunza jambo ambalo cheo hakimfundishi mtu.

Tazama pia Augustino. Mwaka 391 alikwenda Hippo kwa shughuli zake, watu wakamkamata kanisani wakamtaka awe padri wao, naye akalia machozi. Mambo kama hayo yalitokea mara nyingi katika Kanisa la kale. Waraka kwa Waebrania 5:4 unasema hapana mtu ajitwaliaye mwenyewe heshima hii, ila yeye aitwaye na Mungu, kama vile Haruni. Ushauri wangu ni kwamba asipewe kipaza sauti tena mpaka baraza liketi naye.

Mchungaji kijana, Gulu

Mzee wetu, naomba ruhusa niseme kwa upande wa huyo kijana, kwa kuwa katika majibu ya namna hii yeye ndiye anayekosa msemaji. Ndugu yangu wa Masaka ameeleza vizuri jinsi Kanisa linavyopima, lakini hakusema lolote kuhusu wanaopima. Nimeona makanisa ambayo neno "subiri" limetumika kuwalinda wazee katika viti vyao, na vijana waliosubiri kwa utii wakafikisha umri wa kuwa na wajukuu bila kupewa hata ibada ya katikati ya juma. Yeremia alipojitetea kwamba yeye ni mtoto, Bwana alimkataza kulisema neno hilo. Musa naye alipozidi kutoa visingizio mbele ya kijiti kinachowaka, Kutoka 4:14 inasema hasira ya Bwana iliwaka juu yake. Kukataa kunaweza kuonekana kama unyenyekevu huku ndani yake kumejaa woga, au hata kiburi cha mtu anayetaka abembelezwe.

Ninamkumbuka sana Samweli na Eli. Eli alikuwa kuhani aliyeshindwa kuwaongoza wanawe, macho yake yamefifia, na bado ndiye aliyemsaidia mtoto kuitambua sauti ya Bwana, kwa maana Samweli peke yake alidhani anaitwa na mwanadamu. Hapo kijana wenu ajifunze kwamba hata mwenye kuitwa kweli alimhitaji mzee. Lakini someni mbele kidogo. Ujumbe wenyewe ulikuwa wa kumhukumu Eli, na Eli alimwapisha mtoto asimfiche hata neno moja, akaupokea. Wazee wa Walukuba wajiulize kama wako tayari kusikia jambo gumu kutoka kinywani mwa mtu wa umri huo, hata kama amelisema kwa namna isiyopendeza.

Pamoja na hayo, ile ndoto ya fimbo inanitia wasiwasi, na nitaeleza kwa mfano wa Apolo Kivebulaya, mwinjilisti wa Kianglikana kutoka Buganda. Mwaka 1896 alijitolea kwenda Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, katika Kongo ya leo, mahali ambapo wainjilisti waliomtangulia walikuwa wameondoka kwa sababu chifu Tabaro aliwanyima chakula. Alipigwa, akasingiziwa mauaji, akapelekwa kifungoni Fort Portal. Huko ndiko alikopata njozi ya Kristo akimtia moyo kwamba yuko pamoja naye, na baada ya kuachiliwa alirudi Mboga ile ile, hata Tabaro mwenyewe akabatizwa. Alikuwa kasisi tangu mwaka 1903, akafa mwaka 1933 akiwa kanoni, akazikwa huko huko Mboga. Njozi ilimpeleka kwenye kazi ambayo hakuna aliyekuwa akiigombania. Ningemuuliza kijana, kwa upole kabisa: katika ndoto yako, ukiacha fimbo uliyopewa, ulitumwa kwa nani?

Mama wa Kabale

Watumishi wa Mungu, amani iwe kwenu. Nimelelewa katika ushirika wa walokole, yaani waliookoka wa uamsho wa Afrika Mashariki, na ninaandika nikiwa na mzigo.

Sisi wa Kigezi, eneo hili la Kabale, tuna kidonda ambacho hatuwezi kukipita kimya katika mazungumzo haya. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, mamia ya watu, watoto wakiwemo, waliteketea ndani ya nyumba ya ibada ya kundi ambalo viongozi wake walidai kupokea maono kutoka kwa Bwana Yesu na Bikira Maria. Waliowafuata walikuwa wameuza mali zao, na walifundishwa kukaa kimya, hata kuzungumza wao kwa wao kukawa kosa. Simlinganishi kijana wa Jinja na watu wale, Mungu apishe mbali. Ninachosema ni kwamba maneno "atakayenizuia anapigana na Mungu" hayapaswi kuachwa bila kujibiwa katika kanisa lolote la Uganda. Na Zaburi ile ya 105 inaeleza jinsi Mungu alivyowalinda Ibrahimu na uzao wake walipokuwa wageni wachache, wakihama taifa hadi taifa, mbele ya wafalme. Haikuandikwa ili kiongozi asiulizwe. Daudi alikuwa masihi wa Bwana, na Nathani alimwambia usoni, "Wewe ndiwe mtu huyo."

Katika ushirika wetu tulizoea kuiweka mioyo yetu wazi mbele ya wenzetu. Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, na Namirembe, Kampala, ulikuwa na wachungaji na maaskofu ndani yake, lakini mmoja wa waliouanza, Simeon Nsibambi, hakuwahi kutiwa wakfu, na makasisi walikwenda nyumbani kwake kupokea ushauri. Askofu akikaa katika duara la ushirika, mkulima angeweza kumwambia, "Ndugu, jana ulisema kwa hasira," naye akaomba msamaha hapo hapo. Nimeliona jambo hili kwa macho yangu nikiwa msichana, miguu ya wote ikiwa na vumbi moja, na sijaona shule ya uongozi iliyo bora kuliko hiyo.

Hata hivyo, nakubaliana na mchungaji wa Gulu kuhusu wanaopima, tena kwa sababu nzito zaidi. Kwa miaka mingi wanawake wa kanisa letu walioitwa waliambiwa wawe wanyenyekevu. Walifundisha, waliwazika wafu, waliwatembelea wagonjwa, walifanya kila kitu isipokuwa kile walichoitiwa. Mwaka 1983 ndipo Askofu Festo Kivengere alipowatia wakfu wanawake kuwa makasisi hapa Kigezi. Wito wao haukuanza mwaka huo. Unyenyekevu ukidaiwa kwa walio chini peke yao, huo si unyenyekevu wa Injili, kwa maana Bwana aliyejifunga kitambaa na kuosha miguu ndiye aliyekuwa mkubwa katika chumba kile.

Tena asidhani mtu kwamba kiongozi mnyenyekevu ni kiongozi asiye na sauti. Janani Luwum aliokoka mwaka 1948 akiwa mwalimu wa shule, akapanda hatua kwa hatua hadi kuwa askofu mkuu wa Kanisa la Kianglikana la Uganda mwaka 1974. Mapema Februari 1977, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin kupinga mauaji na dhuluma, na tarehe 16 ya mwezi ule ule aliuawa. Hakuwa akikitetea cheo chake. Alisema kwa ajili ya watu waliokuwa wakipotea. Mzee wangu, mchunguzeni kijana kwa njia hiyo: anapopaza sauti, anampazia nani?

Mwana wa Bombo

Assalaam alaykum na amani kwa wote. Mimi ni Mwislamu, na kama wenye mazungumzo wataniruhusu, ningependa kueleza namna jambo hili linavyotazamwa kwetu, kwa kuwa tabu hii tunaishiriki. Waislamu wa Uganda tunayafahamu vizuri maumivu ya kugombania uongozi. Baraza Kuu la Waislamu liliundwa mwaka 1972 ili tuwe kitu kimoja, na bado tumeishi miaka mingi tukiwa tumegawanyika, upande mmoja wa msikiti wa Kibuli na upande mwingine wa Old Kampala.

Kwetu hakuna kutiwa wakfu. Imamu hutangulizwa na watu kwa kuijua Qur'ani na kwa mwenendo wake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimuusia Abdurrahman bin Samura asiombe uongozi, kwa sababu akipewa kwa kuuomba ataachiwa aubebe peke yake, na akipewa bila kuuomba atasaidiwa. Abu Dharr, swahaba mkubwa mno, aliambiwa kwamba yeye ni dhaifu na kwamba uongozi ni amana, nayo siku ya Kiyama ni fedheha na majuto isipokuwa kwa aliyeuchukua kwa haki yake. Uchamungu wa Abu Dharr haukuwa na shaka, lakini kazi hii haikumfaa. Naona faraja katika hadithi hiyo, kwa maana mtu anaweza kukataliwa cheo na akabaki mpenzi wa Mungu.

Upande wa pili, Nabii Yusufu aliomba. Katika sura yenye jina lake, aya ya 55, alimwambia mfalme amweke juu ya hazina za nchi kwa sababu yeye ni mlinzi na mjuzi. Wanazuoni wengi wameeleza kwamba aliomba kwa ajili ya njaa iliyokuwa inakuja, akiwa na ujuzi uliohitajika, na baada ya kutoka gerezani alikokaa bila hatia. Kwa hiyo swali la kama kijana ameomba au hakuomba halitoshi. Uliza ni shida gani ya watu anayotaka kuitatua, na kama anao ujuzi wa kuitatua. Abu Bakr aliposhika ukhalifa mwaka 632 aliwaambia watu kwamba ametawalishwa juu yao na si mbora wao, wakimwona anafanya vyema wamsaidie, na akipotoka wamnyooshe. Mwambieni kijana wenu asimame na kipaza sauti kile kile aseme maneno ya maana hiyo. Akiweza, mmepata kiongozi.

Mzee wa Walukuba

Nawashukuru nyote, na ndugu wa Bombo nakushukuru kwa namna ya pekee. Nimechapisha majibu yenu na tumeyasoma barazani.

Niongeze jambo ambalo haki inanitaka niliseme, nisije nikamchora kijana vibaya. Maji ya Ziwa Victoria yalipopanda mwaka 2020 na kuingia katika vibanda vya wavuvi kule Masese, yeye ndiye aliyeingia majini hadi kiunoni, akabeba magodoro ya wajane kichwani, safari baada ya safari, wakati wengine wetu tulikuwa tumesimama penye ukavu tukitoa maelekezo. Hakutangaza jambo hilo mkeshani wala mahali pengine. Ndiyo maana suala hili ni gumu kwetu. Mkono ule wa majini na sauti ile ya kipaza sauti ni vya mtu mmoja.

Tulikaa naye juzi. Nilimuuliza swali la mchungaji wa Gulu, alitumwa kwa nani, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema hakuwahi kufikiria. Sikuona hila usoni pake. Tumempendekezea aanzishe ibada ya Jumatano kule Masese, chini ya mwembe, karibu na pale wanapoanika dagaa, ambako hakuna spika, hakuna kiti cha mchungaji, na sadaka ikipatikana itahesabiwa na wanawake wawili wa huko huko. Ameomba siku chache za kufikiri. Baadhi ya wazee wanasema hilo tayari ni jibu la kukataa. Mimi sidhani. Mama wa Kabale, unaonaje?

Mama wa Kabale

Mzee, mwacheni afikiri, Musa naye alibishana kwanza. Ila nina ombi. Msimpeleke Masese kama mtu anayepewa adhabu ili ninyi mbaki salama na kanisa lenye spika. Mzee mmoja wa baraza awe anakwenda naye kila Jumatano, akae juu ya mkeka, asikilize, asihubiri. Wakati wa kuamua ukifika, waulizeni wale wajane wa magodoro kabla hamjawauliza waimbaji, na muulizeni mke wake kama anaye. Na katika baraza litakaloamua, kuna wanawake wangapi?

Mzee wa Walukuba

Hakuna hata mmoja, Mama. Nitalipeleka hilo Jumapili hii, na mimi mwenyewe nitakwenda Masese Jumatano, kijana akikubali au asipokubali.